Mdogo wangu ni kiziwi, na sasa macho nayo yanakwenda: tutaishije naye?

Swali: Shikamoo. Naandika kutoka Arusha, tunaishi Kijenge. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, ni kiziwi tangu kuzaliwa, amesoma shule ya viziwi na sasa ni fundi cherehani. Huu mwaka wa pili, giza likiingia anajikwaa ovyo, anapiga ndoo teke, mtu akimpa mkono haoni. Mtaani wanasema anakunywa. Cha ajabu, uzi kwenye sindano anatunga mwenyewe. Tulimnunulia miwani, haikusaidia. Kliniki moja wakatuambia retina inakufa na dawa hakuna, tukarudi nyumbani. Yeye hatujamwambia. Mama analia tu. Tutaishije na mtu asiyesikia wala kuona, na msaada uko wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na hiyo sindano, maana ndiyo inayowafanya watu waseme kijana anajifanya. Nyuma kabisa ya jicho, kwa ndani, kuna utando unaopokea mwanga; ndiyo hiyo retina. Chembe zake ni za aina mbili. Zilizojaa pembeni hufanya kazi kwenye mwanga hafifu na hutuonyesha mambo ya kando: ndoo iliyo miguuni, mkono unaonyooshwa, bodaboda inayotokea ubavuni. Zilizokusanyika katikati huona rangi na vitu vidogo. Upo ugonjwa uitwao retinaitisi pigmentosa ambao hutangulia kuua zile za pembeni na kuziacha za katikati kwa miaka mingi. Mwenye nao huona kama anachungulia kwenye bomba: tundu la sindano analiona, kigoda kilicho mbele ya magoti yake hakioni. Miwani haikusaidia kwa sababu kazi yake ni kunyoosha picha inayofika kwenye retina. Chembe zilizokufa haizifufui.

Mtu aliyezaliwa kiziwi akipata dalili hizo ujanani, jambo la kwanza la kufikiria ni ugonjwa wa Usher, uliopewa jina la Charles Usher, daktari wa macho wa Scotland aliyeandika mwaka 1914 jinsi unavyorithiwa. Baba na mama kila mmoja hubeba nakala moja ya kinasaba chenye hitilafu bila wao kuumwa chochote, na kila mimba yao ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Mwambie mama hivyo, kwa maneno hayohayo. Hakula kitu kibaya akiwa mjamzito, hakurogwa, hakukosea.

Halafu muulize: huyu alianza kutembea akiwa na umri gani? Wenye Usher ya aina ya kwanza huzaliwa pia na hitilafu kwenye sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani ya mwili, na wengi wao hutembea baada ya miezi 18. Mtoto kama huyo hujifunza kusimama kwa kutegemea macho na nyayo. Usiku macho hayapo, zinabaki nyayo peke yake, na akikanyaga tope au kifusi anayumba kama mlevi. Majirani waelezwe hilo waziwazi, wasije wakamwacha mtaroni wakidhani ni pombe. Kwa sababu hiyohiyo asipande ngazi za kuegemeza, asiogelee peke yake (chini ya maji mtu wa namna hii hupoteza kujua juu ni wapi), na kama anaendesha bodaboda au baiskeli barabarani, aache sasa.

Sijamwona, kwa hiyo jina la ugonjwa lithibitishwe hospitali. Na ile kauli ya «dawa hakuna» ni nusu ya habari. Ni kweli chembe zilizokufa hazirudi, na tiba za kurekebisha vinasaba vya Usher bado ziko kwenye majaribio. Anayekuuzia dawa ya kurudisha macho leo, iwe ya chupa au ya mizizi, anachukua fedha yako na anaweza kuunguza kile kilichobaki. Vidonge vya vitamini A vya kipimo kikubwa navyo msinunue kwa kuambiwa dukani, vinadhuru ini. Lakini mambo mawili yanayotibika huja mara nyingi pamoja na retinaitisi pigmentosa, na familia iliyorudi nyumbani kukata tamaa huyakosa. Moja ni mtoto wa jicho, anayeota upande wa nyuma wa lenzi na kufanya mwanga umchome. Huyo huondolewa kwa upasuaji. La pili ni maji kujikusanya katikati ya retina, mahali pale pale anapotegemea kutunga uzi. Yapo matibabu ya kuyapunguza. Ndiyo maana anatakiwa kuangaliwa kila mwaka, siyo mara moja.

Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, mpate barua ya kwenda KCMC Moshi, ambako idara ya macho na idara ya masikio, pua na koo ziko hospitali moja. Safari ni kilomita 80 hivi; ondokeni alfajiri mrudi kabla ya giza, au mlale Moshi. Atatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa baada ya hapo jua litamuumiza, kwa hiyo mchukue kofia yenye ukingo mpana na asirudi peke yake. Msiondoke bila majibu ya maswali matatu, yaandikwe kwenye karatasi: kuna mtoto wa jicho? Kuna maji katikati ya retina? Na upana wa kuona wa kila jicho ni nyuzi (digrii) ngapi?

Hizo nyuzi ndizo zitakazowaongoza nyumbani. Mtu aliyebakiwa na nyuzi 20, kwa umbali wa mita 1 anaona duara la sentimita 35 tu. Kwa mita 2 anaona sentimita 70. Nyuzi zikibaki 10, namba hizo zinagawanywa kwa mbili. Sasa fikiria ndugu wanavyofanya: wakiona haelewi alama zao, wanamsogelea na kutanua mikono. Wanazidi kutoka nje ya bomba. Rudini nyuma, mita moja na nusu hadi mbili, na alama zifanyike ndogo, kati ya kidevu na kifua, bila haraka. Mwanga uangukie uso na mikono ya anayeongea. Asiyatoe maneno yake akiwa amesimama mbele ya dirisha, hapo anabaki kivuli. Nguo ya juu iwe ya rangi moja inayoachana na ngozi. Kwa mikono myeusi, krimu au samawati iliyofifia inafaa, nyeupe inayomeremeta humchoma macho, na kitenge cha maua humeza vidole vyote.

Kabla ya hayo yote, aambiwe. Najua mnamficha kwa huruma, ila yeye ndiye anayejikwaa, na kijana asiyejua kwa nini anaanguka hujitungia sababu mbaya kuliko ukweli. Asiambiwe na wewe jikoni kwa alama za nyumbani. Aambiwe na daktari, kukiwa na mkalimani wa lugha ya alama anayemwamini, mchana, mahali penye mwanga, na apewe nafasi ya kuuliza maswali yake mwenyewe. Baada ya hapo mtarajie hasira au ukimya wa wiki kadhaa. Akiacha kula na kulala, au akionyesha kwamba haoni haja ya kuishi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni hili: lugha ya kugusa ianze sasa, wakati bado anaona. Familia nyingi husubiri macho yaishe, kisha kijana na ndugu zake wote wanaanza darasa la kwanza siku moja, gizani, wakiwa na majonzi. Akianza leo anaweza kuona alama na kuigusa kwa wakati mmoja, na mikono inashika.

Hatua ya kwanza ni kushika vifundo. Jioni, mwanga ukipungua, anakushika kwa wepesi kwenye vifundo vya mikono unapofanya alama. Mikono yake inamwambia yako iko wapi, na macho yanamalizia. Hatua inayofuata anaweka viganja vyake juu ya mikono yako na kuisoma kwa kugusa tu. Mikono yake iko juu, yako chini, na wewe hushiki wala kuvuta. Ukimshika vidole umemziba mdomo na sikio kwa pamoja. Kaeni kwenye kona ya meza, magoti karibu, viwiko vimeegemea mto. Kucha fupi, pete zivuliwe, mikono inawiwe, hasa ukitoka kukata vitunguu. Mabega huchoka haraka: baada ya dakika 20 pumzikeni, au abadilishwe mkalimani.

Kinachoharibika hapa karibu kila nyumba ni uso. Kwenye Lugha ya Alama ya Tanzania, nyusi na mdomo ndivyo vinavyogeuza sentensi kuwa swali, kukana au utani. Gizani nyusi hazishikiki. «Umekula» na «umekula?» zinakuwa kitu kimoja, naye anajibu kitu usichouliza, mnaanza kugombana. Kwa hiyo kila swali liongezewe alama ya swali mkononi, kila kukana kuongezewe alama ya hapana. Kutikisa kichwa nako kunapotea: anapoongea, mgongegonge kidogo juu ya goti ajue unamfuata, la sivyo anaongea kama anayemwambia ukuta. Mwelezeni pia yaliyomo chumbani: nani ameingia, nani kaondoka, wanacheka nini. Ukimfikia, weka mkono kwenye bega lake na uuache umetulia, kisha mpe jina lako la alama. Kumpigapiga mgongoni au kumshtukia kwa nyuma kunamtisha. Ukiondoka, mwage, na umwache akiwa ameshika meza au ukuta, asibaki katikati ya sakafu kama mtu aliyewekwa kisiwani.

Shangazi na wajomba wasiojua alama wamwandikie kiganjani. Kidole cha shahada, herufi kubwa, kila herufi katikati ya kiganja palepale juu ya ile iliyotangulia, kusimama kidogo kati ya neno na neno. Ukikosea, futa kiganja kwa mkono wako kama unavyofuta ubao. Kiswahili kina maneno marefu, na kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, basi andikeni kwa ufupi: CHAI? MAMA KAJA. TWENDE SASA. Anayejua herufi za vidole anaweza kuzifanya ndani ya kiganja chake, ni haraka zaidi.

Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, nayo aianze. Ni nukta sita, safu mbili za tatu tatu, na mtu wa miaka 23 mwenye vidole vya fundi cherehani ana mtaji mzuri. Kibao na kalamu yake ya kutobolea ni vifaa vidogo. Angalieni tu kwamba huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu karatasi hugeuzwa ndipo isomwe. Kwa sasa simu yake ikuzwe maandishi, igeuzwe rangi iwe herufi nyeupe juu ya nyeusi, na mtetemo uwashwe. Baadaye simu hiyohiyo inaweza kuunganishwa na kifaa kinachoinua nukta nundu, ingawa bei yake ni kubwa na ndicho kitu cha kuombea ufadhili. Namba ya siri ya fedha zake za simu abaki nayo mwenyewe. Naandika hivyo kwa sababu wizi wa ndani ya familia huanzia hapo, mara nyingi kwa jina la kumsaidia.

Nyumbani, kanuni ni kwamba kitu kina mahali pake na hakihami bila yeye kuambiwa. Ndoo, jiko na mtungi wa gesi visikae njiani. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa. Ulio nusu ndio unaopasua paji la uso. Kingo za ngazi zipakwe mstari mweupe au wa njano wa sentimita 5. Ugali na wali vipakuliwe kwenye sahani ya rangi iliyoiva, chai ya rangi kwenye kikombe cheupe. Kama choo kiko nje, fungeni kamba imara kutoka mlangoni hadi chooni, usawa wa kiuno, na fundo nene hatua moja kabla ya kila kingo au ngazi. Tochi ya kuvaa kichwani ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa kwa kiziwi: inaacha mikono yote miwili huru kuongea. Na anayeongea naye usiku ajimulike kifuani, asimmulike yeye usoni.

Kazi asiiache. Cherehani inategemea katikati ya jicho, ambako bado kuna uhai. Awekewe taa nyeupe karibu na sindano, kinga ya kidole, chaki inayotofautiana na kitambaa, na trei moja ya mkasi, wembe na pini. Futi ya kupimia ibandikwe pini ya steplaz kila sentimita 10, ili aanze kuisoma kwa kidole. Kilicho hatari ni pasi ya mkaa. Itengewe kona yake, au apige pasi mtu mwingine.

Barabarani, Arusha si mji rahisi. Mitaro mingi haina vifuniko, bodaboda hupita hata pembeni anapotembea, na yeye hasikii honi. Jua linazama kati ya saa 12 na dakika 20 na saa moja kasoro dakika 5 jioni mwaka mzima, kwa hiyo ikifika saa 12 awe nyumbani au awe na mtu. Anapoongozwa, yeye ndiye anayekushika juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yako, usimsukume mbele. Pakiwa pembamba, peleka mkono wako nyuma ya mgongo, ataelewa ajipange nyuma. Mbele ya ngazi, simama kwanza. Kwenye daladala, weka mkono wake kwenye chuma cha mlango kisha mwache apande mwenyewe. Viatu viwe vyepesi, vya soli ngumu isiyoyumba.

Fimbo nyeupe humwambia mpita njia kwamba huyu haoni. Nyeupe yenye mikanda myekundu humwambia kwamba haoni na hasikii. Mikanda mnaweza kuizungushia wenyewe kwa plasta nyekundu inayong'aa. Urefu wake kutoka chini ufike kwenye mfupa wa kifua. Anaizungusha upana unaozidi mabega kidogo, ncha ikienda upande wa kulia mguu wa kushoto unapotangulia, na kinyume chake. Madereva wengi hapa hawajui maana ya mikanda hiyo, hivyo isimpe ujasiri wa kuvuka peke yake barabara ya Moshi.

Sasa msaada. Nendeni serikali ya mtaa mpate barua, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa Jiji, mkiwa na kitambulisho cha taifa, ripoti ya macho yenye zile nyuzi, na karatasi ya kipimo cha masikio. Hakikisheni anaandikwa «kiziwi asiyeona». Hili si jambo dogo la karatasi. Akiandikwa kiziwi tu, ataletewa mkalimani anayesimama mita tano mbele ya ukumbi. Akiandikwa asiyeona tu, atasomewa kwa sauti. Ni ulemavu wa peke yake wenye mahitaji yake, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unawataja viziwi wasioona kwa jina kwenye kifungu cha elimu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 mnaweza kuitaja mezani. Ombeni vitu, siyo «msaada»: fimbo, mafunzo ya kutembea, mwalimu wa nukta nundu, mkalimani wa kugusa. Andikeni tarehe na cheo cha aliyewapokea.

CHAVITA, chama cha viziwi, ndiko waliko wenzake na wakalimani. TLB, chama cha wasioona, ndiko waliko watu wanaojua fimbo na nukta nundu. TASODEB ni chama cha viziwi wasioona wenyewe, na shirika la Sense International hufanya kazi na kundi hili hapa nchini. Karibu nanyi kuna Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Ulizeni huko mwalimu au mwanachuo anayejua alama na nukta nundu, mpange naye saa mbili kwa wiki. Marafiki zake viziwi msiwaache nje. Wengi hujitenga kwa sababu hawajui waongee naye vipi jioni. Waiteni nyumbani mchana, muwafundishe kushika vifundo, na atabaki na kijiwe chake.

Wewe dada usibaki kuwa mkalimani pekee. Chagueni watu wawili zaidi, na yeye ndiye awachague, wafundishwe kuongoza na kugusa, ili ukiugua asikatike na dunia.

La mwisho lifanyike wiki hii. Kubalianeni alama moja ya dharura inayotumiwa na viziwi wasioona sehemu nyingi: kumchora mgongoni X kubwa kwa kidole, kutoka bega hadi kiuno. Maana yake ni «hatari, nifuate sasa, maelezo baadaye». Mfanye zoezi mchana mara mbili, kisha usiku taa zikiwa zimezimwa, kutoka kitandani kwake hadi nje ya geti, na kila aliye ndani ya nyumba ajue kuichora, hata watoto.